Namna ya Kuwafikishia Wanachuo Vitabu Huria vya Kiada

Katika wiki ya kwanza ya muhula, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika vyuo vikuu vyetu vingi hupewa orodha ya rejea yenye vitabu vitano au sita, na akienda maktaba hukuta kwamba nakala zilizopo ni mbili au tatu, zimewekwa katika rafu ya akiba ambako huazimwa kwa saa chache tu, ilhali darasa lake lina mamia ya watu. Kinachofuata kinajulikana na kila aliyepita chuoni: kitabu husahaulika, na nafasi yake hushikwa na madesa, yaani karatasi za mihadhara zilizotolewa kopi ya kopi hadi michoro ikawa madoa meusi. Wapo wanaomaliza muhula mzima wa takwimu au kemia bila kufungua kitabu hata kimoja chenye mazoezi na majibu. Sababu kubwa ni bei, kwa kuwa kitabu kimoja kipya kutoka kwa mchapishaji wa Ulaya au Marekani huweza kumeza fedha yote ya vitabu na viandikwa ambayo mnufaika wa mkopo hupewa kwa mwaka.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mhadhiri, mkutubi au kiongozi wa wanafunzi anayetaka kuibadili hali hiyo kwa kutumia vitabu huria vya kiada, yaani vitabu ambavyo wenye hakimiliki wamevitoa kwa leseni inayomruhusu mtu yeyote kuvipakua, kuvitoa kopi na kuvisambaza bila kulipa na bila kuomba ruhusa, na mara nyingi kuvirekebisha pia. Mifano nimeichukua zaidi Tanzania, lakini hatua zenyewe zinafaa popote ambapo wanafunzi ni wengi, vitabu ni vichache na bando ni ghali.

Wazo lenyewe lina zaidi ya miaka ishirini. Julai 2002 UNESCO iliitisha mjini Paris kongamano kuhusu manufaa ya masomo ya wazi kwa elimu ya juu katika nchi zinazoendelea, na hapo ndipo lilipopatikana jina la rasilimali huria za elimu linalotumika hadi leo. Novemba 2019 Mkutano Mkuu wa shirika hilo ulipitisha Pendekezo linalozihimiza nchi wanachama ziwe na sera za rasilimali hizo na kuwajengea watu uwezo wa kuzitumia. Katika kipindi hicho vitabu vingi na vizuri vimeandikwa. Kilichobaki nyuma ni safari ya kutoka kwenye seva iliyoko ng'ambo hadi mkononi mwa mwanafunzi wa Mbeya, Eldoret au Gulu, na safari hiyo haiwezi kukamilishwa na mwandishi wa kitabu. Inakamilishwa na watu walioko chuoni, na hao ndio ninaowaandikia hapa.

Anza na kozi moja

Kishawishi cha kwanza ni kutaka kufanya makubwa kwa mara moja. Profesa Richard Watson wa Chuo Kikuu cha Georgia na Profesa Don McCubbrey wa Chuo Kikuu cha Denver, walipoanzisha Global Text Project katika miaka ya 2000, walikusudia kuwapatia wanafunzi wa nchi zinazoendelea vitabu 1,000 vya bure. Nia ilikuwa njema, na vitabu walivyovitoa viliwafaa watu, lakini idadi iliyokamilika ilikuwa ndogo sana ukiilinganisha na lengo. Kuandika kitabu kizima cha kiada ni kazi ya miaka, na wanaoweza kuifanya ni walewale ambao tayari wamelemewa na mihadhara, usahihishaji na usimamizi wa tafiti.

Kwa hiyo usianze kwa kuandika. Chukua kitabu kilichokwisha kuandikwa, kwa kozi moja tu, na uichague kozi hiyo kwa makini. Iwe ya mwaka wa kwanza, isomwe na wanafunzi wa programu kadhaa, na maudhui yake yawe ya namna ambayo hayabadiliki sana kutoka nchi hadi nchi. Takwimu za awali, fizikia, kemia, biolojia, misingi ya uchumi na saikolojia ya jumla zote zinafaa. Sheria ya ardhi ya Tanzania au fasihi ya Kiswahili hazifai kwa kuanzia, maana hakuna kitabu cha nje kitakachoziba nafasi hiyo. Huko itabidi kuandika upya, na ni vema kazi hiyo ingojee hadi uwe umepata uzoefu na wenzako wa kushirikiana nao.

Ukishaichagua kozi, mtu wa kwanza wa kuzungumza naye ni mhadhiri anayeifundisha, kabla ya mkuu wa idara na kabla ya maktaba. Mpelekee sura mbili zilizochapishwa kwenye karatasi, si kiungo cha mtandaoni, na umwombe azisome akiwa na kalamu. Kitabu ambacho mhadhiri hakitaji darasani hakisomwi, hata kikigawiwa bure mlangoni mwa ukumbi. Ikiwa hakuridhika na kiwango chake, tafuta kingine. Kumlazimisha kupitia barua ya utawala huzaa utii wa karatasini tu.

Wapi pa kuvipata

Kwa kozi za mwaka wa kwanza, mahali pa kwanza pa kutazama ni OpenStax, iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Rice mjini Houston. Ilitokana na mradi wa Connexions ulioanzishwa na Richard Baraniuk mwaka 1999, ikatoa vitabu vyake vya kwanza mwaka 2012, na leo ina vitabu vya sayansi, hisabati, takwimu, uchumi, biashara na sayansi za jamii vilivyopitiwa na wataalamu. Open Textbook Library, inayosimamiwa kutoka Chuo Kikuu cha Minnesota, hukusanya vitabu vya wachapishaji mbalimbali na kuweka tathmini za wahadhiri waliovisoma. Tathmini hizo zina thamani kubwa, kwa sababu husema wazi sura ipi ni dhaifu na mazoezi yapi hayatoshi. LibreTexts, iliyoanzia Chuo Kikuu cha California cha Davis mwaka 2008 kama mradi wa kemia, ni hazina pana zaidi, ingawa ubora hutofautiana ukurasa kwa ukurasa na hivyo inahitaji jicho la mtaalamu.

Afrika nayo ina vyake, na naona tunavipita haraka mno. African Virtual University ya Nairobi ilitoa moduli za hisabati, sayansi na kompyuta kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, jambo lenye maana kwa majirani zetu wanaosoma kwa Kifaransa. Chuo Kikuu cha Cape Town kimekuwa na mradi wa DOT4D wa kuwasaidia wahadhiri wake waandike vitabu huria, na kutoka chuo hichohicho Profesa Johan Fagan alianzisha atlasi ya bure ya upasuaji wa masikio, pua, koo, kichwa na shingo, ambayo daktari aliye katika hospitali yenye vifaa vichache anaweza kuisoma bila kulipa chochote. Kwa vyuo vya ualimu, TESSA, mradi wa matini huria za ualimu unaoratibiwa na Open University ya Uingereza, ina matini hata kwa Kiswahili.

Soma leseni kabla ya kusoma kitabu

Si kila faili linalopatikana bure ni kitabu huria. Katika makundi ya Telegram na WhatsApp ya wanafunzi huzunguka vitabu vingi vya wachapishaji wa kibiashara vilivyoskaniwa bila ruhusa, na inaeleweka kwa nini vinazunguka, lakini mradi wa chuo hauwezi kusimama juu yake. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na idara itakayoweka vitabu vya namna hiyo kwenye seva yake inakiweka chuo chenyewe hatarini. Tenganisha kabisa mambo haya mawili tangu siku ya kwanza.

Leseni zinazotumika zaidi ni za Creative Commons, ambazo zilianza kutolewa Desemba 2002 na ambazo toleo lake la 4.0 lilitoka mwaka 2013. Hutambulika kwa herufi zake. BY inakutaka umtaje mwandishi. SA inakutaka utakachokirekebisha ukitoe kwa leseni ileile. NC inakataza matumizi ya kibiashara. ND inakuruhusu kusambaza kitabu kama kilivyo, lakini inakukataza kusambaza ulichokibadilisha, na tafsiri huhesabiwa kuwa badiliko. Kwa kazi yetu kitabu chenye BY pekee ndicho bora kuliko vyote, na chenye ND kitakufunga mikono mara utakapotaka kubadili mfano mmoja. Kuna mtego mwingine unaowanasa hata wazoefu: sura yenye BY-SA na sura yenye BY-NC-SA haziwezi kuunganishwa kuwa maandishi mamoja yaliyorekebishwa, kwa kuwa kila moja inadai leseni yake ndiyo itawale.

Swali linaloulizwa sana ni kama steshenari inayotoza fedha inaweza kuchapa kitabu chenye NC. Nchini Marekani, mwaka 2018, mahakama ya rufaa katika shauri la Great Minds dhidi ya FedEx Office iliamua kwamba shule zenye haki ya kutumia matini ya NC zinaweza kulipa duka la kopi lizitolee kopi, kwa sababu duka hilo linafanya kazi kwa niaba ya shule. Uamuzi huo hauzifungi mahakama za Afrika Mashariki, lakini unaonyesha njia ya kufikiri: wanafunzi au idara ndio watoe agizo, na steshenari ilipwe gharama ya kuchapa. Mwenye duka akianza kuchapa nakala mia kwa uamuzi wake na kuzipanga rafuni azitangaze kwa faida, hapo amekuwa mfanyabiashara wa kitabu. Kwa kitabu chenye BY pekee suala hili halipo kabisa.

Kutaja mwandishi kunahitaji mambo manne: jina la kitabu, majina ya waandishi, mahali kilikotoka na leseni yake. Ukikirekebisha, sema umerekebisha nini. OpenStax ina masharti yake ya ziada ambayo wengi huyaruka: nakala ya karatasi inatakiwa kuwa na maneno yanayoonyesha, katika kila ukurasa, kwamba kitabu kinapatikana bure kwenye tovuti yao, na jina, nembo na majalada yao hayamo ndani ya leseni. Kwa maneno mengine, maandishi unaweza kuyabadilisha upendavyo, ila jalada utengeneze la kwako.

Kulinganisha kitabu na kozi

Vitabu vingi kati ya hivi vimeandikwa kwa ajili ya vyuo vya Marekani, vina kurasa nyingi, na mpangilio wake hauwezi kufanana na mtaala wa kozi yako. Usimkabidhi mwanafunzi kurasa 800 ukamwambia asome. Kaa na mhadhiri mtengeneze karatasi moja tu yenye jedwali: wiki ya muhula, mada, sehemu za kitabu zinazohusika, namba za kurasa, na mazoezi ya kufanya. Karatasi hiyo moja ina nguvu kuliko kitabu chenyewe, kwa maana ndiyo inayomwonyesha mwanafunzi kwamba mhadhara wa Jumatatu umo katika kurasa 14 zinazosomeka jioni moja. Mada ambayo kitabu hakina, iandikieni nyongeza fupi. Mada ambayo kitabu kinayo lakini kozi haina, iacheni bila huruma.

Kisha ndipo mje kwenye mifano. Mwanafunzi anayejifunza uwezekano kwa kutumia kanuni za mpira wa Kimarekani anajifunza mambo mawili magumu kwa wakati mmoja. Mfano wa magunia ya mahindi ya Makambako, nauli za daladala au mabao ya Simba na Yanga humwachia akili yote kwa ajili ya takwimu. Hata hivyo, kubadili mfano ni kazi ya kitaaluma, na kosa lake kubwa ni kudhani kwamba kinachobadilika ni alama ya fedha tu. Ukiondoa alama ya dola ukaweka Sh, mkate utauzwa shilingi tatu, na mwanafunzi atajua mara moja kwamba kitabu hakikufikiriwa kwa ajili yake. Tumia bei za kweli, kisha fanya hesabu upya hadi mwisho.

Chukua zoezi la joto la mwili, ambalo ni la kawaida katika vitabu vya takwimu vya Marekani. Tuseme wastani ni nyuzi 98.6 za Fahrenheit na mkengeuko sanifu (standard deviation) ni 0.9. Ili kuupeleka wastani kwenye Selsiasi unatoa 32, kisha unazidisha kwa 5 na kugawa kwa 9, nao unakuwa 37. Mkengeuko sanifu hautolewi 32, kwa kuwa unapima umbali kati ya vipimo na wastani, na umbali huo haubadiliki ukihamisha mahali sifuri ilipo. Unazidishwa kwa 5 na kugawanywa kwa 9 tu, nao unakuwa 0.5. Mraba wake, uliokuwa 0.81, unakuwa 0.25. Mtu aliyeharakisha akaitoa 32 katika kila namba atapata mkengeuko sanifu ulio hasi, jambo lisilowezekana, na endapo halikuonekana kabla ya kuchapwa, darasa zima litalibeba hadi chumba cha mtihani. Kwa sababu hiyo kila mfano uliobadilishwa upitiwe na mtu wa pili ambaye hakuubadilisha, naye atatue zoezi tangu mwanzo bila kutazama jibu, na majibu yaliyo mwishoni mwa kitabu yabadilishwe siku hiyohiyo.

Nyongeza moja ambayo naipendekeza kwa moyo wote ni orodha ya istilahi za Kiswahili mwishoni mwa kila sura. Ufundishaji katika vyuo vikuu vya Tanzania unafanyika kwa Kiingereza, lakini wanafunzi wanapokaa vikundi chini ya mti wanaelezana kwa Kiswahili, na ukurasa mmoja wa istilahi zenye maelezo mafupi unawapa lugha ya kuelezana kwa usahihi. Zitumieni istilahi zilizokwisha kusanifiwa na BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) au zilizomo katika kamusi za TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) kabla ya kubuni zenu.

Faili linalofunguka kwenye simu

Mwanafunzi wako atasomea simu janja yenye kioo kidogo na nafasi iliyokwisha kujaa picha. Faili moja kubwa la kitabu kizima litamshinda kulipakua au litafutwa wiki ya pili. Ligawe kwa sura, na uzipe faili majina yanayoeleweka, kwa mfano namba ya kozi, namba ya sura na mada, ili likipotea katikati ya picha na sauti za WhatsApp lipatikane kwa kutafutwa.

Baada ya kugawa, punguza uzito. Programu huria ya Ghostscript hufanya kazi hiyo vizuri na ina viwango vilivyoandaliwa tayari: kiwango cha chini kabisa hushusha picha hadi nukta 72 kwa inchi, na kinachofuata hadi nukta 150. Kwa kitabu chenye michoro ya seli, saketi au grafu, chagua 150. Katika 72 namba ndogo za kwenye mhimili wa grafu hazisomeki, na grafu isiyosomeka ni hasara kuliko faili zito. Fungua kila sura kwenye simu ya bei nafuu kabla ya kuisambaza. Pale ambapo kitabu kina toleo la EPUB, litoe pamoja na PDF, kwa kuwa EPUB hupanga maandishi kulingana na upana wa kioo, lakini kagua kanuni za hisabati, maana ndizo huvunjika mara nyingi. Wanafunzi wasioona wanahitaji toleo ambalo programu ya kusoma kwa sauti inaweza kulisoma. PDF iliyoskaniwa kama picha kwao ni karatasi tupu, ilhali toleo la kurasa za wavuti ambalo vitabu vingi huria vinalo huwafaa zaidi.

Weka nakala kwenye seva ya chuo. Vyuo vilivyounganishwa kupitia mitandao ya elimu na utafiti, yaani TERNET kwa Tanzania, KENET kwa Kenya au RENU kwa Uganda vina mtandao wa ndani wenye kasi, na faili lililopo ndani ya chuo hupakuliwa kwa sekunde chache bila kuvuka bahari. Mfumo wa kufundishia mtandaoni wa Moodle, ambao vyuo vingi tayari vinautumia, unatosha. Kwa kampasi ya mbali ambako intaneti hukatika, kompyuta ndogo ya aina ya Raspberry Pi yenye kadi ya kumbukumbu inaweza kurusha Wi-Fi yake yenyewe ndani ya maktaba, na mwanafunzi akaunganisha simu yake na kupakua vitabu bila bando hata kidogo. Programu ya Kolibri imetengenezwa kwa mazingira kama hayo, na inakuruhusu kuweka humo vitabu mlivyovirekebisha wenyewe. Kifaa hicho kikabidhiwe kwa mkutubi kwa maandishi, pamoja na nakala ya pili ya kadi, kwa kuwa kadi za kumbukumbu huharibika umeme unapokatika ghafla.

Na njia ya kawaida kabisa isidharauliwe: mwakilishi wa darasa mwenye flashi, saa ya mapumziko, ukumbini.

Karatasi bado inahitajika

Wapo wanaodhani kwamba kila kitu kikiwa kwenye simu kazi imekwisha. Kwa hisabati na sayansi sikubaliani nao. Mtu anayefuata hatua za uthibitisho hurudi nyuma kurasa tatu, hupiga mstari, huandika pembeni, na hayo yote ni mepesi zaidi kwenye karatasi. Tena karatasi haiishiwi chaji wakati umeme umekatika wiki ya mitihani. Leseni huria inaruhusu uchapaji wa kiwango chochote. Mwaka 2012 serikali ya Afrika Kusini ilichapisha na kusambaza kwa wanafunzi wa sekondari vitabu huria vya hisabati na sayansi vilivyotokana na Siyavula, mradi wa nchini humo wa vitabu huria, na kilichowezekana kwa nchi kinawezekana kwa idara.

Hesabu yenyewe ni hii. Tuseme steshenari ya karibu inatoza shilingi 50 kwa upande mmoja wa karatasi ya A4. Weka bei ya kwenu badala yake. Kitabu cha kurasa 800 kikichapwa ukurasa kwa ukurasa kitagharimu shilingi 40,000. Kikipangwa kurasa mbili kwa upande, zikiwa zimepunguzwa hadi ukubwa wa A5, ni pande 400, yaani shilingi 20,000 na karatasi 200 tu. Na kwa kuwa jedwali la kozi limeonyesha kwamba mnahitaji, pengine, kurasa 320 kati ya hizo 800, gharama inashuka hadi shilingi 8,000 na karatasi 80. Hapo kitabu kimefika mahali ambapo hata mwanafunzi ambaye bumu lake, yaani fedha ya mkopo, halijaingia anaweza kuchangiwa na wenzake.

Ili kijitabu kikunjike vizuri, idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne, kwa sababu karatasi moja ya A4 iliyokunjwa katikati hutoa kurasa nne za A5. Zikipungua, ongeza kurasa tupu mwishoni na uziandike kichwa cha "Maelezo yangu". Usikunje karatasi nyingi pamoja kwa kijitabu kimoja, maana karatasi za ndani zitachomoza na pini haitapita. Gawa kwa sura, kila sura kijitabu chake, mwanafunzi anunue anachohitaji kwa wiki hiyo. Kagua pia michoro ya rangi kabla ya kuipeleka kwenye mashine ya rangi nyeusi: grafu yenye mstari mwekundu na wa kijani itatoka na mistari miwili ya kijivu isiyotofautishika, na itabidi mmoja uchorwe upya kwa nukta.

Kukiingiza kitabu katika maisha ya kozi

Kitabu kinasomwa kikiwa na uhusiano na alama. Mhadhiri atoe zoezi la kila wiki kutoka ndani yake, na baadhi ya maswali ya majaribio na ya mtihani yafanane na mazoezi ya kitabu kwa aina, ingawa si kwa namba. Akifanya hivyo kwa wiki tatu za kwanza, darasa litaelewa bila kuhubiriwa. Akiendelea kutoa alama kwa kukariri madesa yake ya zamani, wanafunzi watarudi kwenye madesa, nao watakuwa na haki.

Mkutubi ana kazi ambayo haionekani lakini hudumu. Kitabu huria kisipokuwa kwenye katalogi ya maktaba, atakayekuja mwakani hatajua kwamba kipo. Open Textbook Library hutoa rekodi za katalogi zilizo tayari kuingizwa katika mifumo kama Koha, na toleo mlilolirekebisha lihifadhiwe katika hazina ya kidijitali ya chuo, kwa mfano ile ya DSpace, likiwa na tarehe na namba ya toleo kwenye jalada. Kabla ya mhadhiri kutoa maandishi yake mwenyewe kwa leseni huria, asome sera ya chuo kuhusu mali bunifu, kwa kuwa huenda chuo kina sehemu katika hakimiliki ya kile alichoandika akiwa kazini. Na ili jitihada hiyo isimpunguzie mtu hadhi, idara ipeleke hoja kwamba kitabu huria kilichopitiwa na wataalamu kihesabiwe katika upandishwaji vyeo. Bila hilo vijana wenye uwezo watakwepa kazi hii, na hatutakuwa na haki ya kuwalaumu.

Katikati ya muhula, waulize wanafunzi maswali mawili pekee: ni sura ipi uliyoisoma kwa kweli, na ulikwama ukurasa gani. Majibu yao yataonyesha makosa ya uchapaji, mifano isiyoeleweka na sura zilizo ndefu mno. Makosa ya kitabu cha asili yatumeni kwa wachapishaji wake. OpenStax ina fomu ya kupokea masahihisho na hurekebisha matoleo yake ya mtandaoni. Makosa yenu rekebisheni wakati wa likizo, kamwe si katikati ya muhula, kwa sababu darasa lenye matoleo mawili yenye namba tofauti za kurasa haliwezi kufundishika.

Faili za chanzo, yaani zile zinazoweza kuhaririwa, zihifadhiwe mahali pawili, moja kwenye seva ya chuo na nyingine maktaba, pamoja na jedwali la kozi na kumbukumbu ya kila mfano uliobadilishwa na leseni ya kila picha. Zisibaki kwenye kompyuta mpakato ya mtu mmoja. Viongozi wa wanafunzi huhitimu, wahadhiri huenda masomoni, na anayewapokea anapaswa kuweza kuchapa sura ya nne siku ya kwanza ya muhula bila kumtafuta mtu kwa simu.